Profeseri na Miiba ya Ndani ya Jiwe

Siku ya kuandikisha watu kwa kadi ya kura, mashine ilikataa vidole vyake. Yule dada wa mashine alimkandamiza kidole gumba kwenye kioo mara tatu, mara nne. Akafuta kioo kwa kitambaa, akafuta kidole, akaangalia skrini, mwisho akamuuliza kwa sauti ya kuhurumia: "Papa, alama za vidole vyako ziko wapi?"

"Ziko ndani ya jiwe," akajibu.

Sisi tuliokuwa kwenye mstari nyuma yake tulicheka. Dada wa mashine hakucheka, alikuwa na watu wengi wa kumaliza. Lakini ilikuwa kweli. Miaka mingi ya kusugua jiwe jeusi juu ya kioo cha dirisha, kwa mchanga na maji, ilikuwa imezilamba ncha za vidole vyake mpaka zikawa laini kama mgongo wa kijiko. Hapa mjini Baraka kila mtu amepoteza kitu kwa kazi yake. Wavuvi wamepoteza nyavu na usingizi, mimi nimepoteza mgongo wangu kwenye cherehani. Yeye peke yake ndiye niliyemjua aliyepoteza vidole kwa kutafuta kidudu ambacho jicho tupu haliwezi kukiona.

Tulimwita Profeseri. Kwetu mwalimu wa sekondari ni profeseri, hata kama chuo kikuu alikiona kwenye kalenda tu. Alinifundisha biolojia, na baadaye akawa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani, yeye mwenyewe asingeona faida. Vile vidudu vyake viko katika kundi la viumbe ambao wataalamu hawajui wazazi wao. Hawajui kama vilikuwa mimea, au mayai ya mnyama, au nini. Waliviweka vyote kapu moja wakaviita akritarka.

"Unaona, Fundi," alikuwa akiniambia, "hii haina baba, haina mama, haina kabila. Na bado unaweza kuieleza vizuri mpaka mutu wa mbali aitambue."

Fikiria mpira mdogo, mdogo sana, umezungukwa na miiba pande zote. Ulielea baharini. Ndiyo, baharini. Ninajua kwamba hapa petu pana ziwa, kubwa hata ng'ambo huioni vizuri siku za vumbi, lakini maji yake ni ya kunywa. Profeseri alisema kwamba kabla ya ziwa, kabla ya milima, kabla ya samaki wa kwanza, bahari ilikuwa imelala hapa. Matope yake yakawa jiwe jeusi, jiwe likapanda na milima ya Fizi, na sasa mito inatuletea vipande vyake mpaka chini, tunavitumia kuzuia mabati yasipeperuke. Mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wetu, aliyempita Profeseri kila asubuhi akiokota vipande hivyo mtoni, alikuwa hamwachi.

"Profeseri! Hii ziwa ya leo inatushinda kuelewa, we uko unatafuta bahari ya zamani?"

"Mama, ndagala yako ya leo, kesho itanuka. Yangu hainuki."

"Na hailiwi!"

Profeseri alinunua bakuli moja na kwenda.

Darasani alikuwa bahili wa chaki na bahili wa maneno. Somo lake la kwanza la mwaka halikuwa na ubao. Aligawa haragi moja kwa kila mwanafunzi, na ukurasa mmoja. "Muieleze," akasema, akakaa. Saa nzima. Mimi niliandika: "Haragi hii ni nzuri na inafaa kupikwa." Nikaweka nukta, nikaweka kalamu chini, nikaangalia wenzangu wanavyoteseka. Kisha akakusanya maharagi yote katika beseni, akayachanganya, na kila mtu akapewa ukurasa wa mwenzake ili aitafute haragi ile. Aliyepewa ukurasa wangu alisimama mbele ya beseni akiwa amekata tamaa kabisa.

"Kwa maelezo haya," Profeseri akamwambia, "unaweza kubeba beseni yote."

Alinipa mbili juu ya ishirini. Moja ya tarehe, moja ya mwandiko.

Kwa hiyo nilishangaa sana, miaka mingi baadaye, aliponijia na kazi. Inafaa niseme kwanza kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Baraka nzima inajua. Nina diploma ya serikali, imetundikwa juu ya cherehani, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka chumbani mpaka barazani. Madereva wa pikipiki wananipita bila kupiga honi. Swima si mbali, lakini nilipokwenda huko kwa arusi nilikumbuka kitanda changu kabla ya wali kuja. Ninashona, na ninatarizi maua kwenye shingo za magauni ya bamama. Ukinitafuta utanikuta.

Profeseri alikuja asubuhi moja na mikroskopi ya shule kwapani, ile ambayo shule yenyewe iliitupa kwa sababu taa yake ilikufa.

"Fundi, we hauendaka popote."

"Hapana, Profeseri."

"Na hii baraza yako inapata mwanga ya asubuhi."

"Inapata."

"Basi kazi imekupata na we."

Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka, alihitaji mtu wa kuchora. Mimi nilikubali kwa sababu mbili: nilimheshimu, na kazi yenyewe ilifanyiwa kwangu.

Kazi ilikuwa hivi. Anavunja kipande cha jiwe, anakibandika kwa gundi juu ya kioo chembamba, kisha anakisugua kwa mchanga mlaini na maji, siku mbili, siku tatu, mpaka jiwe linakuwa jembamba na mwanga unapita ndani yake kama unavyopita kwenye chai. Kila mara anakiinua juu, anafumba jicho moja, anarudi kusugua. Akisugua kidogo tu kupita kiasi, hakuna kitu tena, bahari yote imekwenda na maji machafu. Ilitokea mara nyingi. Alikuwa anasema tu, "Eh," na kuchukua jiwe lingine.

Kioo kikitimia, kinawekwa chini ya mikroskopi. Mimi ninaangalia na kuchora, yeye anajaza karatasi: umbo, kipimo, ukuta, miiba mingapi, urefu wa miiba, ncha zikoje. Kipimo chetu kilikuwa unene wa unywele wa mke wake, ulionyooshwa juu ya kioo. Kidudu kikubwa kilifika unywele mmoja na nusu. Mama Profeseri alikuwa akilalamika kwamba nusu ya kichwa chake imeishia kwenye makaratasi.

"Siku moja mutanizika na upara," alisema, "na batu batauliza ugonjwa gani."

Nami nilipenda kusema, jicho likiwa kwenye lensi: "Profeseri, hii ni nzuri!"

"Sikukuuliza. Hesabu kwanza. Kupenda, utapenda nyuma."

Alikuwa mtu wa kanisa, aliimba sauti ya chini kila Jumapili, na pasta alikuwa akimpenda na kumwogopa. Mara moja pasta alimkamata mlangoni, baada ya ibada: "Profeseri, banasema unafundisha dunia iko ya zamani sana. Iko na miaka ngapi, kwa kweli?"

"Pasta, mi niko nahesabu miiba tu. Miaka, uliza Mwenye kuipanda."

Pasta alikwenda ameridhika, na mpaka leo sijui kama alijibiwa.

Mtu huyu ambaye hakuweza kudanganya kuhusu mwiba mmoja alikuwa anadanganya kuhusu vijiko vitatu kila asubuhi. Muganga wa hospitali ya Nundu alimkataza sukari. Kwake alikunywa chai chungu mbele ya mke wake, akikunja uso kama mfiadini, kisha anavuka kwangu. "Fundi, kijiko moja tu." Ninaweka kimoja. "Hii kijiko yako iko ndogo." Ninaweka cha pili. Cha tatu alikiweka mwenyewe nikigeuka kuchukua uzi. Mama Profeseri alijua yote. Alikuwa akiniletea sukari yeye mwenyewe, kidogo kidogo, ili isipite kipimo alichokipanga.

Na mwaka mmoja tulipokimbia vita, kama tulivyokimbia miaka mingine, watu walibeba magodoro na sufuria. Profeseri aliifunga mikroskopi mgongoni kwa kitenge cha mke wake, akaibeba hivyo, ameinama, mkono mmoja nyuma kuitegemeza. Njiani mama mmoja, naye amebeba mtoto wake, akamuuliza, "Iko ya ngapi huyu, Papa?"

"Iko ya kwanza."

"Na mi njo nabeba godoro ya huyo mutoto," akasema Mama Profeseri kutoka nyuma. Watu waliokuwa wanalia walicheka. Mimi sikuyaona haya kwa macho, nilihadithiwa. Nilikuwa nyuma kabisa, nimerudi mara mbili kuhakikisha mlango umefungwa.

Sasa niseme alichokuwa akikitafuta. Mtaalamu mmoja wa mawe aliyepita huku zamani alimwachia kurasa chache zenye picha na maelezo ya kidudu kimoja chenye miiba, kilichojulikana kutoka nchi za mbali. Kile cha kurasa kilikuwa na miiba yenye panda: ncha ya kila mwiba inagawanyika mara mbili, kama fimbo ya manati. Vyetu vilifanana nacho kwa kila kitu, umbo, kipimo, ukuta. Lakini ncha zetu zilikuwa moja moja, hazina panda. Miaka na miaka, vioo na vioo, hazina panda. Kama ni hivyo kweli, basi chetu ni aina nyingine, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuieleza, na anayeieleza wa kwanza ndiye anayeipa jina.

Profeseri hakutaka jina lake, alisema ni aibu. Alitaka la mke wake.

"Kitu ya miiba," Mama Profeseri akasema, "na njo unapatia jina yangu?"

"Njo maana."

Alimpiga na kanga ya mkononi, lakini nilimwona jioni ile akilitamka jina lake pole pole, peke yake, akijaribu jinsi litakavyokuwa kitabuni.

Mama mmoja wa chuo kikuu, mtaalamu wa vidudu hivyo, alikubali kutusaidia kwa simu. Nilishona mfuko wa kitambaa wenye mpira, unaoshika simu juu ya mikroskopi, tukampelekea picha. Akasema picha hazitoshi, zina ukungu. Anataka michoro thelathini, ya vidudu thelathini, kila mwiba kama ulivyo. Nikachora. Nilichora mwaka mzima, na sijawahi kuchora vizuri hivyo maisha yangu. Tulipopeleka, jibu lake lilikuja kwa sauti, tukalisikiliza barazani sote watatu.

"Profeseri, michoro ni mizuri sana. Ni mizuri kupita. Vidudu thelathini, na vyote vina miiba kumi na sita, nane huku, nane kule? Nani anachora?"

Profeseri alifunga simu. Akanigeukia, bila hasira.

"Fundi. Miiba ya upande ule uliiona?"

"Mingine niliiona."

"Na mingine?"

"Upande moja ilikuwa imevunjika, Profeseri. Nikaisaidia."

Naomba unielewe. Mtu akija kwangu ana bega moja limelegea, sishoni gauni lililolegea. Ninaweka pamba kidogo, ninavuta mstari, anatoka sawa pande zote mbili. Ukitarizi shingo, maua matano kuume, matano kushoto, vinginevyo mteja hakulipi. Mkono wangu haujui kuacha upande mmoja wazi. Sikudanganya kwa ubaya, nilidanganya kwa ufundi.

"We kazi yako ni kuficha bega," akasema. "Hii kazi ni kuionyesha."

Akachukua michoro yote thelathini, na jioni mke wake akawasha nayo makaa ya mbabula. Nilikaa siku hiyo nikingoja aje kuchukua mikroskopi yake. Nilikuwa nimeshaipangusa. Asubuhi alikuja, akakaa, akaomba chai, akaweka kioo cha kwanza chini ya lensi.

"Tuanze na ya kwanza," akasema.

Hakulizungumza tena. Hakuniambia hata siku moja kwamba nilimpotezea mwaka, wakati ambapo miaka yenyewe ilikuwa imeanza kumwishia. Wengi walinifundisha vitu katika maisha yangu. Ni yeye tu aliyenifundisha kitu kilekile mara mbili, na mara ya pili alinikuta mtu mzima mwenye kichwa kigumu, na hakunipa alama yoyote juu ya ishirini. Tangu hapo, mteja akija na bega lake ninamwambia liko vipi kabla ya kulificha. Nimepoteza wateja wawili. Waliobaki wananiamini.

Michoro mipya ilichukua misimu miwili. Katikati, macho ya Profeseri yakaingia ukungu, kwanza la kushoto, kisha yote mawili. Karatasi alizijaza kwa kuniuliza. Watoto wake waliamua kumchukua kwao Uvira, atibiwe, akae nao, na siku chache kabla ya kuondoka alivuka kuja kwangu, mke wake amemshika mkono. Alikuwa na kioo kimoja. Alikisugua kwa kugusa tu, bila kuona, na kwa namna nisiyoweza kueleza ndicho kilichokuwa chembamba kuliko vyote alivyowahi kufanya.

"Hii njo ya thelathini," akasema. "Ukimaliza, yule mama anaandika jina."

Nikaangalia. Kidudu kilikuwa katikati ya mwanga, safi, kama kimewekwa jana. Nikahesabu miiba kumi na moja. Minane ilikuwa na ncha moja moja, kama kawaida yetu. Mitatu, upande wa kuume, ilikuwa na panda.

Niliinua kichwa, nikapangusa jicho, nikaangalia tena. Panda tatu, wazi kabisa. Kisha nikaziangalia zile nane, nikaona kitu ambacho fundi wa uzi hawezi kukikosea. Uzi uliofika mwisho wake una ncha safi. Uzi uliokatika una vinyuzi vinyuzi. Zile ncha nane zilikuwa na vinyuzi.

"Unaona nini?" akauliza Profeseri.

Nilimtazama. Alikuwa ameketi ameelekeza uso mahali ambapo alidhani mikroskopi iko, na alikosea kidogo. Hakuna mtu mwingine ambaye angeangalia kioo kile. Yule mama wa chuo kikuu angepokea nilichochora. Mama Profeseri alikuwa amesimama nyuma ya kiti, ananiangalia mkono, si uso, na mkono wangu ulikuwa umesimama juu ya karatasi.

"Fundi," Mama Profeseri akasema pole pole, "sema ile iko."

"Ziko kumi na moja, Profeseri," nikasema. "Munane ziko na ncha moja. Tatu ziko na panda."

Pikipiki ilipita barabarani, ikaenda mpaka sauti yake ikaisha.

"Na zile munane?"

"Zilikatika. Hazikuishia pale."

"Uko na hakika?"

"Ya vidudu, hapana. Ya uzi, ndiyo. Nimekata uzi maisha yangu yote."

"Chukua zile zingine."

Tuliweka vioo vyote, kimoja kimoja, tangu cha kwanza. Nilijua sasa cha kutafuta, na kila mahali nilipopata mwanga wa kutosha nilikiona: vinyuzi. Vidudu havikuwa vya aina mpya. Vilikuwa vilevile vya kurasa za zamani, na vyetu vilikuwa vimegongwa na kuvunjika ndani ya matope mpaka panda zao zikapotea. Nilisema hivyo kwa kila kioo, na kila mara alitikisa kichwa kwa kukubali. Tulipomaliza, jua lilikuwa limekwisha kuondoka barazani.

"Mama," akamwambia mke wake, "jina yako imepona. Haitakaa kwenye kitu ya miiba."

"Ilikuwa imeanza kunizoea," akasema, na akamshika bega.

Akaniambia nichukue simu. Akasema taratibu, kwa yule mama wa chuo kikuu, maneno haya ninayoyakumbuka yote: "Mama, kitu yetu si mupya. Iko ile yenu, ilivunjika tu. Lakini sasa munajua ilikuwa inaishi na huku. Mwandike Fizi kwenye karta yenu, ile ramani ya bahari." Kisha akaomba karatasi ya kioo kile ijazwe, yote, kama kawaida. Nikajaza. Chini kabisa ilikuwa imeandikwa: aliyeona. Nikaandika jina lake, kama nilivyoandika mara zote.

"Soma tangu juu," akasema.

Nikasoma umbo, kipimo, ukuta, miiba kumi na moja, panda tatu, ncha nane zilizokatika. Nikasoma jina lake.

"Hapana. Mi sikuona. Futa."

"Profeseri…"

"Nani aliona?"

Nilifuta. Nikaandika jina langu, na herufi zilitoka mbaya, mimi ninayetarizi majina ya maarusi bila kupepesa. Akaniambia nilisome kwa sauti. Nilikuwa na haya, mbele yake na mbele ya Mama Profeseri, lakini nilitaja jina langu lote, mpaka lile la babu.

"Aksanti, Fundi," akasema.

Neno hilo nilikuwa nimejiandaa kumwambia yeye, siku ya gari la kumpeleka Uvira. Alinitangulia.